Mti wa mita moja umetupa mwinamo wa dunia digrii 24.1 badala ya 23.44. Kosa liko wapi?

Mwl_wa_Temeke ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wajuzi wa jiografia na fizikia mnisaidie.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanapima mwinamo wa mhimili wa dunia kwa mti wima na kivuli chake, hapa hapa Dar. Mti ni nondo ya milimita 12 iliyosimikwa kwenye sakafu ya zege, na juu ya sakafu imebaki sentimita 100 kamili. Vipimo vya saa sita mchana ni hivi:

21 Desemba: kivuli sentimita 31.3, kimelala upande wa kaskazini.
21 Juni: kivuli sentimita 59.7, kimelala upande wa kusini.

Kwa tanjenti, jua lilikuwa mbali na utosi kwa digrii 17.4 Desemba na 30.8 Juni. Tukijumlisha na kugawa kwa mbili tunapata 24.1. Vitabu vinasema 23.44. Hesabu tumezirudia, hazina tatizo. Alama za kivuli tulizipaka rangi sakafuni, bado zipo.

Kuna na maswali matatu ya wanafunzi ambayo sitaki kuyajibu kwa kubahatisha. Kwanza, jua linapita utosini Dar mwezi Oktoba, mbona joto kali linasubiri Januari hadi Machi? Pili, kileleni Kilimanjaro ni karibu zaidi na jua, barafu inatoka wapi, na mbona vitabu vinasema juu kabisa hewa ina nyuzi elfu na zaidi? Tatu, chini ya ardhi kuna moto mkubwa. Unachangia kiasi gani katika joto la mji huu?

---

timazi_na_pimamaji amejibu:

Mwalimu, nondo yako haina kosa. Saa ndiyo yenye kosa, na namba zako zenyewe zinalisema hilo.

Pembe hizo mbili zimebeba vitu viwili. Nusu ya jumla yake ni mwinamo wa dunia. Nusu ya tofauti yake ni latitudo yenu: (30.8 − 17.4) ÷ 2 = 6.7. Dar iko 6.8 kusini, kwa hiyo latitudo imetoka safi. Sasa fikiria nondo ingekuwa imelalia kaskazini kwa digrii moja. Pembe ya Juni ingepungua moja, ya Desemba ingeongezeka moja. Jumla isingetikisika, latitudo ndiyo ingeharibika. Yenu haikuharibika, basi nondo imesimama wima.

Tunatafuta kitu kinachoongeza pembe zote mbili kwa pamoja. Nondo ikiwa ndefu kuliko mlivyoandika, vivuli vyote vingezidi kwa asilimia ile ile. Vivuli sahihi vya mti wa mita moja hapa Dar ni sentimita 58.3 Juni na 29.9 Desemba. Vyenu vimezidi asilimia 2.4 Juni na 4.7 Desemba, kwa hiyo si urefu. Kuweka alama kwenye ukingo wa nje wa kivuli, pale panapofifia, huongeza digrii 0.27 tu, maana jua lina upana wa digrii 0.53 na ukungu wa ukingo ni nusu yake kila upande. Haitoshi kufika 24.1. Kinachobaki ni kupima nje ya adhuhuri ya kweli.

Mmepima saa 6:00 kamili, sivyo? Saa za Afrika Mashariki zimefuata longitudo ya 45 mashariki, ambayo haigusi Tanzania kabisa. Inapita karibu na Mogadishu. Dar iko 39.3. Kila digrii moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika 23 nyuma ya saa ya ukutani. Juu ya hapo jua lenyewe halina mwendo sawa mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia si duara kamili na mhimili umeinama. Adhuhuri ya kweli Dar ni saa 6:25 tarehe 21 Juni, 6:21 tarehe 21 Desemba, 6:37 katikati ya Februari na 6:07 mwanzoni mwa Novemba. Anayesubiri saa sita kamili hapa mjini hatalipata jua katikati ya mbingu hata siku moja.

Ushahidi uko sakafuni kwenu. Kama mlipima saa 6:00, vivuli vitakuwa vimeegemea magharibi: cha Juni kama digrii 11 kutoka kusini, cha Desemba kama digrii 16 kutoka kaskazini. Pimeni pembe hizo, kisha zidisheni kila kivuli kwa kosaini yake ili kubakiza sehemu ya kaskazini-kusini peke yake. Mtasogea karibu sana na 23.44 bila kusubiri mwaka mwingine.

Mstari wa kaskazini-kusini msiutafute kwa dira ya simu karibu na nondo na zege lenye vyuma, utawapeleka Pugu. Tumieni duara. Funga kamba ya mwashi kwenye nondo, chora duara la nusu kipenyo sentimita 90. Weka alama ncha ya kivuli inapoligusa duara asubuhi na tena mchana. Kwa Juni itakuwa kama saa 4:26 asubuhi na saa 8:24 mchana. Gawanya nafasi kati ya alama mbili sawasawa. Mstari kutoka nondo hadi katikati hapo ni kaskazini-kusini halisi. Choreni na duara la 70 pia (saa 5:13 na 7:37), kwa sababu wingu moja likipita saa 8 kazi ya asubuhi imekwisha.

Mara nyingine msisome ncha ya nondo. Chukueni kibati cha ukubwa wa kiganja, toboeni tundu la milimita 5, mkilaze juu ya nondo, na urefu mpime kutoka sakafuni hadi kwenye tundu. Timazi ishuke kutoka kwenye tundu, siyo kutoka kwenye nondo. Ndani ya kivuli cha kibati kutakuwa na doa la mwanga lenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, ambalo ni sura ya jua lenyewe. Weka alama katikati ya doa. Ukungu wa ukingo unakwisha habari yake.

Jambo la mwisho ni tepu. Kwa mti wa mita moja, sentimita moja ya kukosea ni digrii 0.43 Juni na 0.53 Desemba. Mkipata mti wa mita mbili, kosa la tepu linakatika nusu.

---

Kusi_na_Kaskazi amejibu:

Mimi nachukua swali la Oktoba.

Jua linapita utosini Dar mara mbili: kama tarehe 3 au 4 Machi, na kama tarehe 10 au 11 Oktoba. Ila watu wanadhani siku hizo zina jua kali kuliko nyingine kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo kosa lilipo. Nguvu ya jua juu ya angahewa, kwa wastani wa saa 24, kwa latitudo yetu ni hivi: Oktoba 10 wati 438 kwa mita ya mraba, Desemba 21 wati 441, Machi 4 wati 444. Ni kitu kimoja. Desemba jua limesogea kusini digrii 16.6 kutoka utosini, lakini mchana ni mrefu zaidi (saa 12 na dakika 31), na dunia iko karibu zaidi na jua. Juni ndiyo inayoanguka: wati 350 hivi, mchana wa saa 11 na dakika 43.

Kwa hiyo kuanzia Oktoba mpaka Machi moto chini ya sufuria ni ule ule. Kinachobadilika ni maji yaliyomo, yaani bahari. Agosti na Septemba maji ya pwani yetu yana nyuzi 25 hivi, kwa sababu kusi limekuwa likivuma miezi mingi kutoka upande wa baridi na kuyavuruga. Yanahitaji miezi kupasha. Machi yanakaribia 29 au 30. Kaskazi inayoanza Desemba inaleta hewa iliyopita juu ya maji hayo ya moto, yenye unyevu mwingi, na ndiyo maana usiku wa Februari shuka linakugandia mwilini. Oktoba jua ni lile lile, lakini hewa bado inatoka kwenye bahari iliyopoa.

Machi mwishoni masika yanafunika mbingu na joto la mchana linashuka, ingawa jua limetoka utosini juzi tu. Ukanda wa mvua unalifuata jua kwenda na kurudi juu ya ikweta, ndiyo sababu tuna masika na vuli, misimu miwili ya mvua badala ya mmoja.

Kipupwe cha Julai sasa. Wastani wa usiku unashuka mpaka nyuzi 18 au 19, mchana 29 hivi. Wageni wanacheka tukivaa sweta, lakini upungufu wa wati 90 kwa kila mita ya mraba si mchezo.

---

mzee_wa_ramani amejibu:

Mkuu hapo juu, umeandika "dunia iko karibu zaidi na jua" kana kwamba ni sababu. Kila mwalimu wa jiografia anakazana kuwafuta watoto wazo hilo. Majira yanaletwa na mwinamo, umbali hauhusiki.

---

Kusi_na_Kaskazi amejibu:

Walimu wako sahihi kwa dunia nzima, na kwa London wako sahihi kabisa. Kwa Dar sentensi hiyo inahitaji marekebisho.

Mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye jua, mwanzoni mwa Julai milioni 152.1. Tofauti ya mwanga ni karibu asilimia 7. London tofauti hiyo inamezwa, kwa sababu mwinamo huko unaleta tofauti kubwa mno kati ya Juni na Desemba, na isitoshe umbali unafanya kazi kinyume chake: wao wako karibu na jua wakiwa kwenye baridi. Kwetu latitudo ni ndogo, kwa hiyo kazi ya mwinamo ni ndogo, na umbali unasukuma upande ule ule.

Piga hesabu ya Juni na Desemba ukijifanya umbali haubadiliki. Unapata wati 363 na 427, tofauti 64. Rudisha umbali, tofauti inakuwa 90. Maana yake karibu asilimia 30 ya tofauti ya jua kati ya Juni na Desemba hapa Dar inatokana na umbali. Mwinamo bado ndiye bwana mkubwa, lakini mwanafunzi wa Dar akiandika kwamba umbali hauna mchango wowote, anaandika ukweli wa sehemu nyingine.

---

mzee_wa_ramani amejibu:

Hesabu nimeirudia, inatoka. Nimeelewa.

Nyongeza kwa mwalimu: mtoto mjanja atauliza kama 23.44 ni ya milele. Siyo. Mwinamo unakwenda kati ya 22.1 na 24.5 kwa mzunguko wa miaka 41,000 hivi, na sasa unapungua kwa digrii 0.013 kila karne. Milutin Milanković ndiye aliyeunganisha mizunguko ya namna hii na enzi za barafu. Mwezi wetu unasaidia kuuzuia usiyumbe zaidi. Na wale wanaosema tetemeko la Japani la 2011 liliinamisha dunia: kilichokadiriwa kusogea ni mhimili wa mgawanyo wa uzito wa dunia, kwa sentimita 17 hivi. Mhimili wa mzunguko, ule unaoelekea karibu na nyota ya kaskazini ambayo Dar hatuioni, haukuinamishwa.

---

puto_la_hewa amejibu:

Swali la Kilimanjaro. Kilomita 5.9 kati ya milioni 150 si ukaribu wa kuzungumziwa. Hoja ni hewa inapashwa na nani.

Karibu nusu ya mwanga wa jua unaofika juu ya angahewa unamezwa na uso wa dunia. Hewa yenyewe inameza chini ya robo. Kwa hiyo jiko la hewa liko chini, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyoondoka jikoni. Zaidi ya hapo hewa inayopanda inatanuka kwa sababu mgandamizo unapungua (kileleni Kilimanjaro umebaki nusu ya ule wa Kivukoni, usawa wa bahari), na hewa inayotanuka inapoa yenyewe hata kama hakuna aliyeichukulia joto.

Sasa tahadhari kwa mnaofundisha. Kitabu kinatoa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Ukianza na wastani wa Dar, nyuzi 26, ukapanda kilomita 5.9, utapata −12. Kileleni wastani halisi ni kama −7. Si kwamba mlima umekosea. Namba 6.5 ni wastani wa dunia nzima. Hewa kavu kabisa inapoa nyuzi 9.8 kwa kilomita. Hewa iliyojaa mvuke, ambayo mvuke wake unageuka matone na kurudisha joto, inapoa karibu nusu ya hapo. Hewa ya tropiki ina mvuke mwingi. Kutoka Dar hadi kileleni inatoka nyuzi 5.6 kwa kilomita.

Kuendelea juu zaidi, wanafunzi wachore mstari unaopinda mara tatu. Troposfia, tabaka la chini kabisa la hewa, inapoa mpaka kilomita 16 au 17 juu yetu, ambako kuna −80 hivi. Kwenye ncha za dunia inaishia kilomita 8 au 9 tu, kwa hiyo hapo mwisho wake si baridi kiasi hicho: ikweta, sehemu yenye joto kuliko zote chini, ina kipande cha baridi zaidi hapo juu, kwa sababu hewa yake imepanda mbali zaidi. Kisha stratosfia inaanza kupata joto tena, mpaka karibu na sifuri kwenye kilomita 50, kwa sababu ozoni inameza miale ya urujuanimno hapo hapo. Mesosfia inapoa tena mpaka −90 kwenye kilomita 85.

Halafu themosfia, nyuzi 500 hadi 1,500 na zaidi, kutegemea jua limechangamka kiasi gani. Hapa ndipo wanafunzi wanapopotea. Joto hilo ni mwendo wa chembe, na chembe zenyewe ni chache mno. Ukiweka kipimajoto cha kawaida kivulini huko, kitatoa joto lake kwa mnururisho haraka kuliko chembe zinavyoweza kukirudishia, na kitasoma baridi kali. Cheche ya fundi wa kuchomelea ina nyuzi zaidi ya elfu, ikikudondokea mkononi unapangusa tu. Sufuria ya maji ya nyuzi 90 haipangusiki.

Na kwa kuwa mada ni mwinamo: sehemu yenye baridi kuliko zote katika angahewa ni kilomita 85 hivi juu ya ncha ya dunia wakati wa kiangazi chake, pale jua lisipozama kabisa. Hushuka chini ya −130. Sababu ni mawimbi ya hewa kutoka chini yanayosukuma hewa ya juu itiririke kutoka ncha yenye kiangazi kwenda ncha yenye baridi. Upande wa kiangazi hewa inalazimika kupanda na kutanuka, inapoa kuliko jua linavyoweza kuipasha.

---

mwamba_wa_chini amejibu:

La tatu ni langu, nalo ni fupi kuliko linavyoonekana: mchango wake kwa joto la Dar ni karibu na bure. Joto linalotoka ndani ya dunia ni wastani wa wati 0.09 kwa mita ya mraba. Jua, kwa namba za mkuu hapo juu, ni 350 hadi 440. Joto la chini halijui hata kama ni Julai au Januari, halina majira.

Lakini kuna makosa wanafunzi wanayafanya hapa kila mwaka. La kwanza ni kuchukua nyuzi 25 au 30 kwa kilomita na kuzidisha mpaka katikati ya dunia, kilomita 6,371. Wanapata zaidi ya nyuzi 150,000. Kasi hiyo ni ya ganda la juu tu, ambalo ni jiwe gumu na joto linapita kwa kupenya polepole. Kuanzia kina cha kilomita 100 hivi, kwenye nyuzi 1,300, mwamba wa mantili (tabaka lililo kati ya ganda na kiini) unajivuta na kuzunguka kama uji mzito sana kwenye moto mdogo, na kitu kinachozunguka kinasawazisha joto lake: ongezeko linabaki chini ya nyuzi moja kwa kilomita. Kwenye mpaka wa kiini cha nje, kilomita 2,890, ni kama 4,000. Kiini cha ndani, kuanzia kilomita 5,150, ni zaidi ya 5,000, kinakaribia uso wa jua wenye 5,500.

Kosa la pili ni kudhani chenye joto zaidi lazima kiwe kimeyeyuka. Kiini cha nje ni chuma kilichoyeyuka, cha ndani kina joto zaidi na ni kigumu, kwa sababu mgandamizo wa zaidi ya mara milioni tatu ya hewa ya hapa kwetu unapandisha kiwango cha kuyeyuka. Inge Lehmann alikigundua mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi ya matetemeko. Joto lake tunalijua kwa kuuliza chuma kinaganda nyuzi ngapi kwenye mgandamizo wa mpaka ule.

Hata ganda la juu halitabiriki sana. Shimo la Kola huko Urusi lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Walitarajia nyuzi 100 hivi, wakakuta 180, mwamba ukawa unajifunga kwenye mashine. Na lava si zote sawa: ya basalti ni 1,100 hadi 1,200, lakini ya Ol Doinyo Lengai kwetu ni 500 hadi 600 tu, kwa sababu imejaa kaboneti za sodiamu. Ni nyepesi kama mafuta ya motokaa, mchana inaonekana nyeusi, na ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe.

Mkitaka kuona wenyewe jinsi jua linavyoshindwa kuingia ardhini, chimbeni matundu matatu kivulini mwa kitu chochote kisichohama, ya sentimita 5, 30 na 100. Ingizeni bomba la plastiki la nusu inchi lililozibwa chini. Kipimajoto chovyeni kitunguu chake, yaani ncha ya chini, kwenye nta ya mshumaa mpaka kivae koti nene kama kidole. Bila nta, namba inabadilika wakati mnakivuta juu na mnasoma joto la hewa. Zibeni mdomo wa bomba kwa tambara. Someni kila baada ya saa tatu, siku nzima na usiku. Kwenye 30 mtaona badiliko la nyuzi moja au mbili tu, na kilele chake kinakuja usiku, yaani muda wa saa tisa au kumi baada ya kilele cha kule juu. Kwenye mita moja, usiku na mchana havijulikani. Mkichimba mita kumi hata Julai na Februari hazijulikani: ni nyuzi 26 hadi 28 mwaka mzima, wastani wa hewa ya Dar na nyongeza ndogo. Mchanga mkavu na mchanga uliolowa havipitishi joto sawa, kwa hiyo andikeni kama mvua ilinyesha.

---

fundi_paneli_Mbagala amejibu:

Samahani kuingilia. Kwa maelezo haya, paneli ya sola Dar ilazwe vipi? Wengine wananiambia iangalie mashariki.

---

timazi_na_pimamaji amejibu:

Iangalie kaskazini, iinuke digrii 10 hivi. Hesabu ya latitudo inakupa 7, lakini chini ya 10 vumbi halioshwi na mvua, linaganda kwenye ukingo wa chini. Kwa digrii 10, adhuhuri ya Juni unapata asilimia 8 au 9 zaidi ya paneli iliyolala, adhuhuri ya Desemba unapoteza kama 7. Juni ndipo jua lina upungufu, kwa hiyo biashara hiyo inalipa. Kivuli cha tenki la maji kinakuumiza kuliko pembe, kiangalie kwanza.

---

Mwl_wa_Temeke amejibu:

Wakuu, shukrani. Tumepima alama. Kivuli cha Juni kimeegemea magharibi digrii 11, cha Desemba 16, na ni kweli tulipima saa 6:00 ya simu. Baada ya kosaini: sentimita 58.6 na 30.1, pembe 30.4 na 16.8, mwinamo 23.6, latitudo 6.8.

Shida iliyobaki: 21 Desemba shule imefungwa. Mwaka huu tulimwachia mlinzi kazi hiyo.

---

timazi_na_pimamaji amejibu:

Mlinzi huyo amefanya kazi nzuri, mpeni kibati chenye tundu. Siku tano kabla au baada ya tarehe 21 haziharibu zaidi ya digrii 0.1, jua huwa karibu limesimama. Lakini mwezi wa kumi na mbili mwanzoni tayari ni mapema mno.

Njia nyingine ni Juni na Septemba. Siku ya ikwinoksi jua liko juu ya ikweta, kwa hiyo toeni pembe ya Septemba kwenye pembe ya Juni na tofauti ni mwinamo, hakuna kugawa kwa mbili. Machi ingefaa pia ila masika yatawanyima jua. Hapa kuinama kwa nondo bado hakudhuru, kwa sababu vivuli vyote viwili viko kusini na kosa linajifuta. Tarehe ndiyo yenye ukali: mwezi huo jua linasogea digrii 0.4 kwa siku, kivuli kinapungua milimita 7 kila kukicha. Siku ya ikwinoksi ya Septemba (tarehe 22 au 23, kutegemea mwaka), saa 6:15 mchana, mti wa mita moja utupe kivuli cha sentimita 11.9 kusini. Mkikuta 11.2, mmechelewa siku moja.